Kwani huyu mamba anakula nini?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni hapa Ngara, Nairobi, mbele ya vijana wanaocheza na kutengeneza gemu. Mvua iliwazuia wengi kufika, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiombwa maneno yake. Nimeyaandika yote kama nilivyoyasema. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Dada zangu na kaka zangu, hamjambo? Mliokaa nyuma mnanisikia? Sogeeni basi. Viti vya mbele ni vitupu, na bati hili likipigwa na mvua sauti yangu haitafika huko.

Nitaanza na mamba.

Mwaka jana tulikuwa watatu, tunatengeneza gemu yetu ya kwanza. Ni gemu ya uhusika: unakuwa msichana mchunga mbuzi, unatembea nchi nzima ukimtafuta kaka yako, unapigana, unajifunza, unapanda levo, yaani ngazi za ukuaji wako. Njiani kuna mto, na kivukoni kuna mamba. Tukamwita kijana wa jirani aje aijaribu. Alifika kivukoni akiwa levo ya 3, akapigana na yule mamba, akamuua kwa mapigo matano. Tukapigana mabega kwa furaha. Kijana akaendelea na safari. Saa tatu baadaye akarudi mtoni, sasa yuko levo ya 12, ana mkuki wa chuma, ana ngao, amepita msituni na kwa majambazi akatoka salama. Mamba mwingine akaibuka majini. Kijana akapiga. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Mamba akafa.

Kijana akaiweka padi ya kuchezea mezani, akanigeukia, akaniuliza: "Kwani huyu mamba anakula nini?"

Nilikosa la kumjibu. Usiku ule sikulala vizuri, na tangu hapo nimekuwa nikilitafutia swali lile jibu. Nimekuja nalo hapa leo kwa sababu najua wengi wenu mnatengeneza gemu zenu, na mtafika kwenye mto ule ule.

Sikilizeni hesabu yake, ni ndogo. Msichana wa levo ya 3 alipiga kwa nguvu ya 12. Mamba tulimpa uhai wa 60. Sitini kwa kumi na mbili, mapigo matano. Msichana wa levo ya 12 alipiga kwa nguvu ya 48. Nasi kwa kuogopa kwamba mchezo utakuwa mteremko, tuliiagiza programu impandishe mamba naye, hadi uhai wa 240. Mia mbili arobaini kwa arobaini na nane. Mapigo ni mangapi? Semeni. Ndiyo, matano! Tarakimu zimeongezeka mara nne, na mkono wa mchezaji umefanya kazi ile ile. Tulimpa mtu mkuki wa chuma, halafu usiku, bila kumwambia, tukamvika mamba ngozi ya chuma.

Mtu mwenye akili zake anafanyaje jambo kama hilo? Wala hatukuwa wa kwanza kulifanya. Wamelifanya watu wenye fedha na uzoefu kuliko sisi wote tuliomo humu, na walilifanya kwa sababu nzuri. Sababu yenyewe ni uhuru.

Fikirini. Gemu yenye barabara moja haina taabu: mwanzoni unaweka panya, katikati mbwa mwitu, mwishoni zimwi. Mchezaji hana pa kukatizia. Lakini ukimwambia mchezaji, "Nchi yote ni yako, nenda utakako," utaweka wapi panya na utaweka wapi zimwi? Akianza kaskazini, je? Akianza kusini? Ukiweka zimwi kusini, umemfungia kusini. Ukiweka panya kila mahali, akikua atakuwa anakanyaga panya nchi nzima. Hapo ndipo mtu huwaza: kwa nini nisiwaache maadui wamtazame mchezaji, wajipime kwake, wapande anapopanda?

Gemu iliyofanya hivyo waziwazi kuliko nyingi ni The Elder Scrolls IV: Oblivion, iliyotoka Machi 2006. Mimi niliicheza miaka miwili baadaye, mtaani Umoja, kwenye kompyuta ya binamu yangu, usiku, kwa sababu mchana kompyuta ilikuwa ya kazi. Unaanza gerezani. Unatoroka kupitia mitaro ya majitaka chini ya jiji, unatokeza nje, na mbele yako kuna ziwa, milima, magofu, na hakuna anayekushika mkono. Nakumbuka nilisimama pale mlangoni mwa mtaro nisitake hata kutembea. Ilikuwa mara ya kwanza gemu kuniachia nchi nzima.

Nikaicheza majuma mengi. Mwanzoni nilipopita barabarani, jambazi alitokeza akiwa amevaa manyoya, akanitaka vipande 100 vya dhahabu la sivyo aniue. Sawa, ni jambazi. Miezi ikapita, nikawa shujaa, nikapita barabara ile ile. Jambazi akatokeza. Sasa amevaa mavazi ya kioo, yale ya kijani yanayometa, ambayo mimi mwenyewe nilihangaika mapangoni hadi nikayapata. Mavazi yenye thamani ya maelfu. Akanitaka nini? Vipande 100.

Mnaliona tatizo? Mtu aliyevaa utajiri wa nyumba tatu anasimama mvuani kuomba nauli. Siku ile nchi ilinifia. Jambazi yule hakuwa tena mtu mwenye njaa aliyejificha kichakani. Alikuwa kivuli changu, kimevishwa nguo zangu na kupewa maneno ya siku ya kwanza.

Na lile si tatizo kubwa kuliko yote. Kubwa ni hili, na naomba walio watengenezaji walisikilize: levo ni shahidi asiyeona vizuri. Katika Oblivion ustadi wako ulikua kwa kuutumia. Ulichagua stadi kuu saba kati ya 21, na zikipanda mara kumi kwa jumla, ukilala kitandani unaamka na levo mpya. Inavutia, sivyo? Sasa chukua mchezaji aliyeweka kurukaruka na kupatana bei miongoni mwa stadi zake kuu. Anatembea barabarani huku anaruka. Anaruka, anaruka, anaruka. Anafika mjini, anauza ngozi zake, anabishana na mwenye duka. Analala. Anaamka levo ya juu. Upanga wake ni ule ule, mkono wake ni ule ule, hajajifunza kupigana hata kidogo. Lakini nchi nzima imesikia kwamba amekuwa mkubwa, na maadui wote wamejipanga upya kumkabili mtu ambaye hayupo.

Mji wa Kvatch katika gemu ile unashambuliwa kupitia lango la moto. Aliyefika mapema, akiwa bado mchanga, alikutana na scamp, vijitu vidogo vya kurusha moto. Aliyezurura kwanza, akakua, akakutana na Daedroth, viumbe wenye vichwa vya mamba na nguvu za kutisha. Basi wachezaji wakaanza kushauriana: usikue. Usilale. Maliza kazi kubwa ungali levo za chini. Jamani! Gemu ya kukuza mtu, na busara ya wazee wake ni kwamba usikue! Wengine walishika kalamu na daftari, wakahesabu kila ustadi kabla ya kulala, kama mwenye duka anayefunga hesabu. Wengine walitengeneza modi, yaani mabadiliko yao wenyewe ndani ya gemu, za kuwarudisha maadui mahali pao. Gemu ilipotolewa upya Aprili 2025, njia ya kupanda levo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyorekebishwa.

Na haikuwa ya kwanza. Final Fantasy VIII ya mwaka 1999 ilikuwa na maadui waliopanda kwa kufuata wastani wa levo za kundi lako, huku nguvu yako ya kweli ikitoka kwenye uchawi uliouambatanisha na mwili. Aliyejizoeza kwa bidii, akaua maadui mia, aliwaimarisha adui zake. Aliyekwepa vita na kukusanya uchawi alipita kama upepo. Sitakaa hapo sana, maana naona wawili watatu wanatikisa kichwa. Mnaijua.

Sasa niwaulize: kabla ya kompyuta, nani alifanya kazi hii ya kumpima mchezaji?

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons kule Marekani, na gemu zetu zote za uhusika ni wajukuu wa ile. Inachezwa mezani kwa kete na karatasi, na mmoja wenu ndiye msimamizi: yeye ndiye anayesema pangoni kuna nini. Msimamizi mzuri anawatazama watu. Akiona wamechoka, adui wa tatu hatokei. Akiona wamevimba vichwa, mlango unafunguka.

Mimi msimamizi wangu wa kwanza alikuwa bibi. Likizo tulipelekwa kwake, na usiku tulikaa jikoni, moto umebaki makaa, naye akasimulia habari za zimwi. Dada yangu mdogo alikuwa mwoga. Bibi alikuwa akisimulia huku amemtazama yeye, macho yake tu, na akiona midomo imeanza kutetemeka, zimwi lilijikwaa. Lilikanyaga mwiba. Likakaa chini kuutoa. Sisi wakubwa tukacheka, mdogo akapumua, halafu zimwi likaendelea kuja. Hakuliondoa. Hakulifanya paka. Alilichelewesha tu, kwa sababu alikuwa akiuona uso.

Programu yetu ilikuwa ikiona nini? Ilikuwa ikiona nambari 12. Haikujua kama mchezaji anatetemeka au anapiga miayo. Na tulimpa kazi ya bibi shahidi anayeona nambari peke yake.

Ngoja ninywe maji.

Nilikulia Eastlands. Karibu na steji yetu palikuwa na mzee mmoja fundi viatu, na kando ya kibanda chake palikuwa na drafti. Ubao wenyewe ni kipande cha plaiwudi, miraba yake imepakwa rangi nyeusi ya viatu, ukicheza sana vidole vinatoka vyeusi. Kete ni vizibo vya soda: vyangu vimelala kifudifudi, vyake vimelala chali. Kingi ni vizibo viwili, kimoja juu ya kingine. Nilikuwa na miaka kumi nilipokaa mbele yake mara ya kwanza. Alinimaliza huku anashona soli, bila hata kuweka sindano chini.

Nyumbani nilikuwa na mjomba aliyenipenda sana, naye tulicheza drafti. Mjomba alijipima kwangu. Nikifungwa mara mbili, ya tatu anajifanya hajaona, namla vizibo viwili, naingia kingi, anashika kichwa. Nilimfunga mjomba mara nyingi sana. Mchezo mmoja siukumbuki.

Fundi hakunipunguzia. Leo alinifunga, kesho alinifunga, alinifunga miaka mitatu. Lakini nilianza kuona vitu. Niliona kwamba zamani nilikuwa nabaki na vizibo viwili naye tisa, sasa nabaki na vitano naye sita. Niliona kwamba sindano ameiweka chini. Halafu siku moja, likizo ya Agosti, nikatoka naye sare. Kingi yangu ilishika ule mlalo mrefu unaokata ubao kona kwa kona, naye ana kingi mbili, akizunguka hapati pa kuingilia. Naweza kuwachorea sasa hivi kila kizibo kilipokuwa. Fundi akautazama ubao kimya, akachukua kiatu chake, akasema, "Kesho uje mapema."

Ndugu zangu, nilijuaje kwamba nimekua? Nilijua kwa sababu fundi alikuwa pale pale. Angalijisogeza kila niliposogea, ningalikuwa na miaka kumi hadi leo.

Yuji Horii aliyebuni Dragon Quest, iliyotoka Japani mwaka 1986, alilijua hili. Katika gemu ile nchi iko wazi na mipaka yake ni madaraja: ukivuka, viumbe wa ng'ambo ni wakali zaidi, wala hakuna anayekuzuia kuvuka. Lakini kuna jambo moja ambalo kila nikilikumbuka namheshimu upya. Ukitoka tu kwenye kasri unapoanzia, levo ya kwanza, huna upanga wa maana, ukiangalia ng'ambo ya maji unaliona kasri la adui wa mwisho. Lile pale! Utazunguka nchi nzima ndipo ulifikie, na siku zote hizo halikusogea hata kiwanja kimoja.

Fallout: New Vegas ya mwaka 2010 ilifanya hivyo kwa ukali zaidi. Unaamka katika kijiji cha Goodsprings, na taa za Vegas unaziona upeoni, kaskazini. Mtu yeyote ataenda kaskazini. Kaskazini kuna Cazador, nyigu wakubwa wenye sumu, na kwenye machimbo ya mawe kuna Deathclaw. Watakuua. Hawajali kwamba wewe ndiye mhusika mkuu. Njia ya watu ni kushuka kusini, kupitia Primm na Novac, kuzunguka jangwa ndipo upande Vegas. Lakini mlango wa kaskazini haukufungwa. Wapo walionyata usiku wakapenya, na hadi leo wanasimulia.

Na sisi wa Nairobi tunaielewa nchi ya namna hii bila kufundishwa. Kila mmoja humu ana ramani kichwani: saa nne usiku nashukia steji ipi, nakatiza wapi, wapi nazunguka hata kama ni mbali. Mji haukupimi. Mji unakuonya, ukiwa na masikio.

Hapo kwenye onyo ndipo nilipokosea mara ya pili, na sina budi kulisema.

Baada ya swali la yule kijana, tulirudi tukambandika mamba pale pale. Uhai 240, basi, hapandi wala hashuki. Ukija levo ya 3 unahitaji mapigo 20, naye anakumaliza kwa kukung'ata mara mbili. Nilijivuna kweli. Nikamwita msichana mmoja anayesoma chuo, mchezaji mzuri, mvumilivu. Akafika kivukoni levo ya 3. Akafa. Akarudia, akafa. Nilikaa nyuma yake nikihesabu: alikufa mara kumi na moja. Hakuuliza swali. Alivua vipokea sauti, akavikunja waya wake taratibu, akasema ana basi la kuwahi.

Kosa lilikuwa langu, si lake. Angejuaje? Kuna njia, kuna kivuko, njia inapita kivukoni. Kila kitu nilichokichora kilimwambia "pita hapa." Fundi viatu alikuwa na nywele nyeupe na umati wa watu wazima wamemzunguka wakifungwa mmoja mmoja. Nilijua nakaa mbele ya nani. Mamba wangu alikuwa na nini? Maji ya bluu.

Tukakaa wiki tatu kwenye kivuko kile. Wiki tatu, mamba mmoja! Nawaambia kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Hatukuandika bango la hatari. Tuliweka kengele ya mbuzi kwenye tope la ukingo, na ukiiokota haina mbuzi. Tuliweka mtumbwi uliopasuka ubavuni. Tuliweka wanawake wanaochota maji kwa kata yenye mpini mrefu kuliko mtu, na hakuna anayekaribia ukingo kwa hatua nne. Ukiwasalimu wanajibu bila kuondoa macho majini. Halafu, mbali juu mtoni, tukafunga daraja la kamba.

Nikampigia yule msichana simu, nikamwomba radhi, nikamwomba aje tena. Akaja. Akafika kivukoni, akaokota kengele. Akasimama. Akawatazama wale wanawake na zile kata ndefu. Akasema peke yake, kwa sauti ndogo, "Aa, hapana." Akageuka, akapandisha mto.

Hakupiga pigo hata moja, na yale ndiyo mapigano mazuri kuliko yote tuliyowahi kutengeneza.

Sasa, msije mkatoka hapa mkisema nimehukumu kwamba adui asipande kamwe. Sikusema hivyo. Ndugu yangu mdogo anafanya kazi Doha. Ijumaa ni siku yake ya mapumziko, na saa zetu ni moja, kwa hiyo usiku tunaingia pamoja The Elder Scrolls Online, gemu ya kucheza na wengine mtandaoni. Yeye ameicheza miaka. Mimi nilianza juzi. Kwa hesabu ya fundi viatu, mimi na yeye hatuwezi kutembea njia moja: panapomfaa yeye nitafia mlangoni, panaponifaa mimi atapiga miayo. Lakini Oktoba 2016 waliibadilisha gemu ile, levo za wachezaji zikasawazishwa nchi nzima, mgeni na mkongwe wakaweza kusimama bega kwa bega. Guild Wars 2 tangu 2012 ilikuwa inafanya hivyo kwa kumshusha mkubwa hadi levo ya mahali alipo. World of Warcraft nayo Januari 2018 ilizifanya nchi zake za zamani zipande na mchezaji, na wengi wakalalamika kwamba kila mbweha sasa ni kazi. Wana haki. Lakini mimi Ijumaa usiku nina sauti ya ndugu yangu sikioni: mama anaendeleaje, mahindi yamefika wapi, halafu ghafla, "Angalia nyuma yako!" Kwa ajili ya hilo, wapande. Wapande wote.

Na ikiwa mchezaji ni mmoja, bado ipo namna ya kuwapandisha kwa heshima. Skyrim ya 2011 iliyapa maeneo sakafu na dari: adui wa hapa hashuki chini ya hapa wala hapiti hapa. Na majitu yake yenye mifugo tambarareni hayakupunguziwa nguvu kwa ajili ya mgeni. Nani hapa hajarushwa angani na lile la kwanza? Breath of the Wild ya 2017 ilikwenda mbali zaidi. Ndani kwa ndani inahesabu maadui uliowaua, na kadiri unavyoua, wale wekundu wanageuka wa bluu, weusi, hatimaye rangi ya fedha, na silaha unazookota nazo zinakuwa bora. Tofauti iko wapi? Rangi! Unamwona adui mlimani, ni wa fedha, unajua kabla hujachomoa upanga. Hakuvishwa ngozi mpya usiku kwa siri. Na wekundu hawaishi wote mara moja. Ukikutana na mmoja aliyebaki, unamwangusha kwa pigo moja na unakumbuka siku alipokukimbiza.

Kwa hiyo sisi tumefanyaje? Majambazi wetu wa barabarani wanapanda kidogo, na wakifika levo ya 8 hawapandi tena. Wakiona mkuki wako wa chuma, wengine wanakimbia, na hilo liliwachekesha waliojaribu kuliko chochote. Nyoka hawapandi. Simba ni mmoja nchi nzima, na mahali pake panajulikana. Mamba ana uhai wa 240, na atakuwa nao hadi mwisho.

Yule msichana wa chuo alimaliza gemu siku ya tatu. Lakini kabla ya kumaliza, akiwa levo ya 12, amevuka daraja la kamba zamani, kaka yake ameshaonekana kijiji cha pili, alifanya jambo ambalo hatukulipanga. Aliacha safari. Akarudi nyuma, mwendo wa dakika ishirini, hadi kivukoni. Hakukuwa na kazi pale, wala zawadi. Wale wanawake walikuwa wangali wanachota kwa kata zao. Akawapita, akaingia majini hadi magotini.

Mapigo matano. Safari hii aliyahesabu kwa sauti, na la tano alilisema amesimama.

Tulikaa usiku ule ule tukaongeza kitu kimoja: mamba akishakufa, ukirudi kesho yake, kata zimefupishwa mipini na watoto wanaoga.

Nimemaliza, na mvua naona imepungua. Kompyuta mbili ziko meza ile ya dirishani, gemu imeshawashwa, msichana yuko levo ya kwanza na mbuzi wake. Kivuko kiko upande wa mashariki. Nani anaanza?